Bahari na Msitu wa Ras Mkumbi: Nafasi Zilizopo na Masharti Yake

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wakazi wa Kata ya Kanga kuhusu uvuvi na uwindaji katika ncha ya kaskazini ya Kisiwa cha Mafia. Yanachapwa kwa ukamilifu ili ambao hawakupata kuyasikia wayasome, na waliosikia wayarejee kabla ya mikutano ya vijiji vyao.



Mtu atokaye Kilindoni kuelekea kaskazini hupita minazi na mashamba, akaifikia Kanga, kisha Bweni, na mwisho wa safari hukutana na bahari pande tatu. Hapo ndipo Ras Mkumbi, penye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1892, enzi za utawala wa Kijerumani, ili kuvionya vyombo visipande mwamba. Upande wa magharibi upo mlango wa bahari unaokitenga kisiwa na delta ya Rufiji. Upande wa mashariki hakuna kisiwa kingine mbele. Ni bahari kuu. Maji ya pande hizi mbili hukutana rasini, na mikondo yake ina nguvu ambayo kila nahodha wa kaskazini anaijua na kuiheshimu.

Mahali penye mikondo ya namna hiyo huwa na samaki. Nyuma ya mnara upo msitu wa ardhi ya mawe ya matumbawe, wenye tumbili, paa wadogo na ndege wengi. Ndiyo maana swali moja hurudi mara kwa mara, kwa vijana wanaotafuta kazi na kwa wageni wanaofika kuangalia: je, Ras Mkumbi pana nini cha kuvua na cha kuwinda, na nani anaruhusiwa?

Jibu fupi ni kwamba nchi kavu pana kidogo sana cha kuwinda, na baharini pana kingi cha kuvua, lakini si kingi kiasi cha kutokwisha. Mazungumzo haya yanaanzia nchi kavu, yanashuka pwani, na yanamalizia mahali ambapo uamuzi umo mikononi mwa wananchi wenyewe, nayo ni miamba ya pweza.

Uwindaji wa nchi kavu

Tanzania ni nchi ya uwindaji mkubwa, na jina la Selous limejulikana duniani kwa zaidi ya miaka mia moja. Hata huko mambo yamebadilika: mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori lile la akiba ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambamo uwindaji hauruhusiwi kabisa. Mapori yaliyobaki ya uwindaji husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, kwa vitalu, leseni na mgao wa idadi ya wanyama.

Mafia haina pori la namna hiyo. Paa wa msitu wa Ras Mkumbi ni mnyama mdogo anayeishi katika vichaka vinavyopungua kila shamba jipya linapofyekwa. Kisiwa hakipokei paa wengine kutoka bara, wakiisha, wameisha. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inamtaka kila anayewinda mnyamapori awe na leseni, na haibagui kati ya anayetumia bunduki, mbwa, wavu au mtego wa waya. Mwenye kutega paa nyuma ya shamba lake kwa ajili ya kitoweo anafikiri ametenda jambo dogo la nyumbani. Mbele ya sheria ametenda kosa la ujangili. Ni vyema kila kijana alijue hilo kabla ya kulijua mahakamani.

Lipo jambo jingine, na hili ndilo linalowagusa wakulima. Nguruwe pori na tumbili huharibu mihogo na mahindi. Viboko wa kisiwa, ambao inaaminika asili yao ni delta ya Rufiji, hutoka usiku madimbwini na kuingia katika mpunga. Mkulima aliyelala kwenye dungu usiku kucha, akapitiwa na usingizi saa moja tu, anaweza kuamka na kukuta kazi ya msimu mzima imekanyagwa. Huyo hana haja ya hotuba juu ya uzuri wa wanyama. Anataka kujua afanye nini.

Kwanza, anayo haki ya kulilinda shamba lake kwa njia zilizozoeleka: dungu, moto, kelele, uzio wa miiba, na ulinzi wa pamoja wa mashamba yaliyopakana. Ulinzi wa pamoja ndio wenye nguvu kuliko yote, kwa sababu nguruwe aliyefukuzwa shamba moja huhamia la jirani, na mashamba yaliyotawanyika porini ndiyo yanayoliwa kwanza. Pili, mnyama akiwa hatari kwa watu au uharibifu ukizidi, taarifa itolewe kwa mtendaji wa kijiji, naye aifikishe kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Kumuua au kumfukuza mnyama hatari ni kazi ya askari wenye mamlaka na mafunzo. Kiboko aliyejeruhiwa na mtu asiye na silaha inayofaa ni hatari zaidi kuliko kiboko mzima.

Tatu, zipo kanuni za mwaka 2011 kuhusu kifuta jasho na kifuta machozi. Kifuta jasho hutolewa kwa mazao au mifugo iliyoharibiwa na wanyama wanaotajwa katika kanuni hizo. Kifuta machozi hutolewa pale mtu anapojeruhiwa au kupoteza maisha. Malipo haya si fidia ya thamani yote iliyopotea, na si kila mnyama wala kila shamba linahusika. Hata hivyo, asiyetoa taarifa mapema, uharibifu ukiwa bado unaonekana na kuweza kupimwa, anajikosesha hata kile kidogo anachostahili. Nyayo hufutwa na mvua moja.

Hayo ndiyo ya nchi kavu. Anayekuja Ras Mkumbi akitarajia kuwinda kama wanavyowinda watu wa mapori ya bara, aelezwe kwa upole kwamba amekosea njia.

Uvuvi wa kila siku

Baharini habari ni nyingine. Kwenye nyasi za bahari hupatikana tasi na changu. Kwenye miamba, chewa na kamba kochi. Kwenye maji ya kina, nguru, kolekole na jodari. Wapo wanaovua kwa mshipi, wapo wenye madema, wapo wenye jarife. Kaskazi ikivuma, bahari ya upande wa mashariki huwa na siku nyingi zaidi za utulivu. Kusi likishika, mwenye ngalawa hukaa upande uliokingwa na kisiwa au hungoja.

Masharti ya uvuvi huu yamo katika Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake. Chombo kinapaswa kusajiliwa na kuwa na leseni, na mvuvi anapaswa kuwa na leseni yake. Kwa vyombo vidogo vinavyotumika hapa, maombi hupelekwa kwa afisa uvuvi wa halmashauri. Baruti na sumu ni marufuku kabisa. Juya la kukokota ufukoni, yaani kokoro, ni marufuku baharini, kwa sababu linakwangua nyasi za bahari na kubeba samaki wadogo ambao hawajazaa hata mara moja. Nyavu za uzi mmoja, ambazo wengi huziita timba, nazo haziruhusiwi.

Kuhusu baruti, wazee waliopo hawahitaji kuelezwa. Mlio wa bomu moja huua samaki wakubwa na wadogo pamoja, na wengi wao huzama bila kuokotwa. Baya zaidi ni kwamba huvunja matumbawe. Samaki aliyeuawa anaweza kufuatwa na kizazi kingine. Tumbawe lililovunjika huchukua miaka mingi kuota tena, na juu ya kifusi kinachosukumwa na mkondo huenda lisiote kabisa. Serikali ilipoongeza nguvu dhidi ya baruti katika pwani ya Tanzania miaka ya 2010, milio ilipungua sana. Kupungua huko kulitokana na doria, lakini pia kulitokana na wanavijiji waliokubali kutoa taarifa juu ya watu waliowafahamu kwa majina. Hilo halikuwa jambo jepesi, na linastahili kutajwa.

Miamba ya pweza

Sasa inafika sehemu yenye uzito kuliko zote. Uvuvi wa pweza hauhitaji chombo. Maji ya bamvua yanapokupwa, mwamba hubaki wazi, na mtu mwenye kijiti chenye ncha ya chuma, kapu na macho yaliyozoea anaweza kutembea na kuchokoa mashimo. Kwa sababu hiyo pweza ni samaki wa mwanamke, wa kijana asiye na ngalawa, na wa mzee ambaye hawezi tena kuvuta makasia. Fedha yake huingia nyumbani siku ileile, ikanunua unga, sabuni na daftari la mtoto. Bweni inasifika kwa mikeka ya ukili; lakini mkeka mzuri huchukua majuma kusukwa, na pweza hulipa jioni.

Zamani pweza wa pwani hii aliliwa hapahapa, au alikaushwa na kuuzwa vijijini. Tangu wanunuzi wenye barafu walipoanza kuchukua pweza kwa ajili ya viwanda vinavyosafirisha hadi Ulaya, mambo yamegeuka. Bei imepanda, na wachokoaji wameongezeka. Wameongezeka pia wazamiaji wenye miwani, ambao hawangoji maji yakupwe bali hufuata pweza kwenye kina alikokuwa akijificha. Wavuvi wa dago kutoka sehemu nyingine hufika msimu wakapiga kambi. Mwamba ni uleule.

Ili kulielewa tatizo, ni lazima kumwelewa pweza mwenyewe. Maisha yake ni mafupi. Hadi mwaka mmoja au zaidi kidogo, kisha basi. Anakua kwa kasi ambayo samaki wachache wanaiweza: pweza wa nusu kilo akiachwa kwa majuma machache anaweza kuongezeka uzito mara mbili. Pweza jike hutaga mara moja tu maishani mwake. Hujifungia ndani ya shimo, hutundika mayai yake kwa maelfu kwenye dari ya mwamba, huyapulizia maji na kuyalinda bila kula, na yanapoanguliwa yeye hufa. Kwa hiyo jike aliyechokolewa kabla ya kutaga hakuacha chochote nyuma yake, na aliyechokolewa akiwa juu ya mayai yake ameondoka na kizazi kizima.

Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinakataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500, yaani nusu kilo. Kanuni ni nzuri. Ugumu wake ni kwamba mchokoaji hawezi kumpima pweza ndani ya shimo, na akishamtoa amekwisha kumjeruhi. Kadhalika mama aliyetembea mwambani tangu alfajiri, akapata pweza mmoja mdogo, hawezi kuelezwa kwa urahisi amrudishe wakati anamwona jirani yake akimsubiri. Wahenga walisema chovya-chovya yamaliza buyu la asali. Hakuna anayechovya kwa nia mbaya. Kila mmoja huchovya kidogo, na buyu linakwisha.

Kufunga mwamba: faida na gharama

Mwaka 2004, Andavadoaka, kijiji cha wavuvi kusini-magharibi mwa Madagaska, kilikubali kuifunga sehemu ya miamba yake kwa miezi kadhaa. Mwamba ulipofunguliwa, pweza walikuwa wakubwa kuliko waliozoeleka. Vijiji jirani vilipoona, navyo vikafunga. Mfano huo umevuka bahari. Kisiwa Panza huko Pemba kimefunga miamba yake kwa vipindi, na hapahapa wilayani, Jibondo imefanya vivyo hivyo. Mtu wa Bweni anayetaka kujua ukweli wa jambo hili hana haja ya kuamini karatasi. Anaweza kuwauliza ndugu zake wa Jibondo.

Namna yake ni rahisi kueleza. Kijiji huchagua sehemu ya mwamba, si mwamba wote, ili pabaki mahali pa kuchokoa. Mipaka huwekwa kwa alama ambazo kila mtu anazijua, kama jiwe, mkoko au boya. Sehemu hiyo hufungwa kwa miezi mitatu hivi, kisha hufunguliwa siku za bamvua, kwa tangazo, mbele ya wanunuzi waliopewa habari mapema ili washindane bei. Pweza aliyeachwa muda huo atakuwa amekua, na baadhi ya majike watakuwa wamekwisha kutaga.

Lakini ni kosa kulieleza jambo hili kana kwamba ni faida tupu. Kufunga mwamba kuna gharama, na gharama hiyo haigawanyiki sawasawa. Mwenye ngalawa, mwamba ukifungwa, hutweka tanga akaenda kwingine. Mama anayetegemea miguu yake hana kwingine pa kwenda. Sehemu iliyofungwa ikiwa ndiyo iliyo karibu na kijiji, ambayo ndiyo rahisi kulindwa, basi ni yeye anayefunga mkanda kwa miezi mitatu. Siku ya kufungua, wazamiaji wenye miwani na wageni waliosikia habari hufika mapema kwa vyombo, na huenda wakavuna sehemu kubwa ya kile ambacho yeye alikilipia kwa njaa. Katika sehemu zilizotangulia imeonekana pia kwamba umati wa siku ya kwanza unaweza kulimaliza tunda la miezi mitatu kwa siku chache, huku matumbawe yakikanyagwa na mamia ya miguu.

Kwa hiyo kijiji kinachotaka kufunga mwamba kinapaswa kujibu maswali manne kabla ya kuweka alama ya kwanza.

Swali la kwanza: ni sehemu gani itakayofungwa, na je, wachokoaji wa miguu wameshiriki kuichagua? Mkutano uliojaa wanaume wenye vyombo ukapitisha kufunga mwamba wa wanawake haujafanya uamuzi wa kijiji.

Swali la pili: nani atavuna kwanza siku ya kufungua? Kijiji kinaweza kukubaliana kwamba siku ya kwanza ni ya wachokoaji wa miguu peke yao, na wazamiaji waingie baadaye. Kinaweza pia kuweka utaratibu kwa wavuvi wa dago: wajiandikishe, walipe ushuru uliokubaliwa, au wasubiri.

Swali la tatu: nani atalinda? Mwamba usiolindwa usiku umefungwa kwa waaminifu tu. Kazi hii ni ya kikundi kinachofahamika kwa wengi kama BMU. Walinzi wanahitaji mafuta, tochi na posho, na ni haki wananchi waelezwe wazi fedha hizo zinatoka wapi.

Swali la nne: familia zisizo na akiba zitakula nini miezi hiyo? Kufunga kukipangwa miezi ambayo mavuno ya shambani yapo, au ambayo kusi limekwisha kuwazuia watu kwenda mwambani, maumivu hupungua. Kukipangwa mwezi ambao watoto wanarudi shule na ada za sare zinadaiwa, hata mwaminifu atashawishika.

Kijiji kilichojibu maswali haya kinao uwezo wa kisheria wa kuendelea. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo. Mapendekezo hujadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji, hupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, na huwasilishwa wilayani kwa idhini ya Baraza la Madiwani. Sheria ndogo ikishaidhinishwa, anayevunja alama za mwamba hatagombana na mlinzi aliye jirani yake. Atajibu mbele ya sheria. Hilo linamkinga mlinzi na linaukinga ujirani.

Wageni wenye mshipi

Ipo nafasi nyingine ambayo haijatumika kwa kiasi kinachostahili, nayo ni uvuvi wa burudani. Wapo watu wanaosafiri kutoka mbali kwa ajili ya siku moja ya kupambana na nduaro, jodari au kolekole kwa mshipi na fimbo, na wengi wao humpiga picha samaki, kumpima, na kumrudisha majini akiwa hai. Kwa mtu aliyekulia katika nyumba ambayo samaki ni chakula, desturi hiyo yaweza kuonekana kichekesho. Lakini mgeni huyo hulipa chombo, nahodha, chakula na malazi, na samaki aliyerudishwa anaweza kulipiwa tena na mgeni mwingine.

Anachohitaji mgeni wa namna hiyo ni mtu anayeijua mikondo ya Ras Mkumbi: saa gani maji yanageuka, wapi ukingo wa mwamba unashuka ghafla, upepo gani ukianza ni wa kurudi nyumbani. Elimu hiyo haimo katika kitabu. Imo vichwani mwa manahodha wa Bweni na Kanga. Kinachokosekana mara nyingi ni maboya ya kujiokolea, chombo kilichokaguliwa, na leseni zinazotakiwa kwa mgeni na kwa chombo. Vijana wanaotaka kuifanya kazi hii wanashauriwa waanze kwa kikundi kilichosajiliwa, wafike ofisi ya uvuvi kueleza nia yao, na wasimchukue mgeni yeyote baharini bila maboya ya kutosha. Ajali moja rasini inaweza kuifunga nafasi hiyo kwa miaka mingi.

Viumbe visivyowindwa

Vipo viumbe ambavyo hata mwenye leseni haruhusiwi kuvigusa: kasa wa aina zote na mayai yao, nguva, na pomboo. Nguva wachache waliosalia katika maji ya Tanzania wanajulikana zaidi katika eneo hili la Rufiji, Mafia na Kilwa, na adui yao mkubwa ni jarife linaloachwa usiku kucha. Mvuvi akimkuta nguva au kasa hai wavuni, wajibu wake ni kumwachia haraka, hata kama ni kwa kukata nyuzi. Hasara ya nyuzi inaumiza. Lakini mnyama huyo akifa huenda hakuna mwingine.

Si kila kisichowindwa ni hasara. Papa potwe wanaofika karibu na Kilindoni, hasa kuanzia Oktoba hadi Februari, hawavuliwi na mtu, na bado manahodha hulipwa kuwapeleka wageni kuwatazama. Juani, wapo wageni wanaokwenda kuona vitoto vya kasa vikitoka mchangani, na kijiji hunufaika. Kasa mmoja aliyechinjwa ni nyama ya siku mbili. Kiota kilicholindwa kinaweza kuleta wageni mwaka hadi mwaka.

Ada ya leseni inakwenda wapi?

Hili ni swali la haki, na mwananchi asione haya kuliuliza. Nchini Marekani, ambako uwindaji na uvuvi wa burudani ni mambo ya mamilioni ya watu, sheria ya mwaka 1937 inayojulikana kama Pittman-Robertson ilielekeza kodi ya silaha na risasi irudi kwenye uhifadhi wa wanyamapori. Iliweka pia sharti kwamba jimbo linalotaka kunufaika lisitumie ada za leseni za wawindaji kwa shughuli nyingine. Mwindaji wa jangwa la Arizona analipa akijua kwamba fedha yake inamrudia kwa njia ya visima vya maji vya wanyama na mishahara ya askari.

Mazingira ya Mafia ni tofauti, lakini hoja ni ileile: mtu hulipa kwa hiari anapoona matumizi. Mapato na matumizi ya kijiji yanapaswa kusomwa katika mkutano mkuu wa kijiji. Bajeti ya halmashauri hupitishwa na madiwani, ambao ni wawakilishi wa wananchi. Mvuvi aliyelipa leseni yake anayo haki ya kumuuliza mwenyekiti wake na diwani wake: doria ngapi zilifika kaskazini mwaka huu, mwalo umetengenezwa nini, BMU imepata nini? Na anayeuliza akiwa na leseni mkononi huuliza kwa sauti kubwa zaidi.

Hitimisho

Ndugu wananchi, mnara wa Ras Mkumbi ulijengwa ili watu wa mbali wasiangamie juu ya mwamba huu. Leo mwamba wenyewe ndio unaohitaji kuangaliwa, na wanaoweza kuuangalia ni wale wanaoamka wakiuona.

Mambo matatu yanaombwa kufanyika kabla ya msimu ujao. Wenye vyombo wahakiki usajili na leseni zao. Wakulima walioharibiwa mazao watoe taarifa kwa watendaji wa vijiji mara moja, bila kusubiri mavuno. Na halmashauri za vijiji ziweke suala la miamba ya pweza katika ajenda ya mkutano mkuu, zikiwaalika kwa majina akina mama wanaochokoa, na ikiwezekana wajumbe wawili au watatu kutoka Jibondo waeleze yaliyowafaa na yaliyowashinda.

Mkutano unaweza kuamua kufunga mwamba, na unaweza kuamua kutofunga. Uamuzi wowote utakuwa bora kuliko ukimya, kwa sababu pweza hangoji. Maisha yake ni mwaka mmoja. Kijiji kikiahirisha mjadala kwa mwaka mmoja, kimeahirisha kwa kizazi kizima cha pweza.